Minyoo Wasio na Mkuki

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani miaka ile ya miwa, nawaambia nilikuwa napanga minyoo, nao hucheka. Wacheke tu. Ilikuwa elfu moja mia tisa sabini na nane, na kutoka Butere hadi Musanda watu walikuwa wamepanda miwa mpaka mlangoni mwa choo. Mbegu ya miwa ilitafutwa kwa udi na uvumba. Mradi mmoja wa kuzalisha mbegu hiyo ulikodi nyumba ya vyumba vitatu huko Shirere, nje kidogo ya mji wa Kakamega, ukaweka darubini mbili, meza ndefu, mabeseni ya kuoshea, na mimi, Navalayo, mwenye cheti cha maabara na mdomo usiojua kutulia.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Udongo ukiletwa, niliufunga kwenye kitambaa nikauweka juu ya faneli iliyojaa maji, na kesho yake minyoo walikuwa wameshateremka hadi kwenye mrija wa mpira ulio chini ya faneli. Sisemi wale minyoo wa tumboni mwa watoto. Hawa ni minyoo-uzi, wadogo mno, ambao bila darubini utadhani ni vumbi ndani ya maji. Niliwaokota mmoja mmoja kwa ukope wangu mwenyewe niliougundisha kwenye ncha ya kijiti, kwa sababu sindano huwatoboa. Swali la kwanza lilikuwa lile lile kila siku: huyu ana mkuki mdomoni au hana? Mwenye mkuki hudunga mizizi ya muwa na kuinyonya mpaka shamba linageuka manjano. Asiye na mkuki hana habari na muwa.

Mradi ulinilipa kwa ajili ya wenye mkuki. Mimi niliwapenda wasio nao. Waliishi ndani ya nyungunyungu, wale wakubwa wa ardhini wanaolegeza udongo, na ndani ya makoa, wale konokono wasio na gamba ambao huteleza juu ya majani wakati wa mvua. Sikumjua mtu yeyote aliyewahi kuwapanga hawa wa kwetu. Nilikuwa na daftari langu, kila aina nimeipa herufi yake na kuichora, na nilikuwa nimefika herufi G. Kuwatofautisha kulitaka subira, kitu ambacho katika mambo mengine sikujaliwa. Ndani ya nyungunyungu aliye hai minyoo hao ni wachanga, wamelala, wote sura moja. Mpaka afe na kuoza ndipo wanaamka, wanakula ule uozo, wanakua, na madume wanaota vile vijiti viwili vilivyopinda karibu na mkia vinavyokuambia huyu ni nani. Kwa hiyo nilikuwa naozesha nyungunyungu kwenye visahani dirishani, na nyumba nzima ilinuka.

Bwana Phanuel, mkuu wa maabara, mwanamume wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mfukoni, aliniita mkunga wa makoa. Nilimkata jicho nikaendelea na kazi.

Mwezi wa tatu mwaka huo miwa ya Musanda ikaanza kugeuka manjano pembeni mwa shamba la kijana mmoja aitwaye Were. Huyo Were alikuwa ameupa mradi ardhi yote ya nyumbani kwao kuoteshea mbegu, na miwa ile ilikuwa na miezi minane. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja ikatwe na kugawiwa wakulima mia mbili. Sehemu moja tu haikuwa na miwa, robo ekari ya mama yake, Nekoye, mwanamke wa miaka sitini hivi. Humo mlikuwa na mboga za kienyeji, saka, kunde na mito, na nduma chini ya migomba, na majani makavu yamelundikwa kila mahali. Ukisimama pale barabarani ilikuwa ndiyo mboga pekee unayoiona mpaka macho yachoke.

Bwana Phanuel alikwisha kuamua kichwani mwake kwamba ugonjwa unatoka humo. Bustani haijapigwa trekta hata siku moja, alisema, ni takataka na ute mtupu. Akanituma nilete udongo. Nikikuta wenye mkuki, bustani ingetiwa dawa ya kuua kila kilicho hai ardhini, ifunikwe nailoni, halafu ipandwe miwa kama kwingine. Mkataba ambao Were alikuwa ametia sahihi uliruhusu hivyo. Nekoye alijua, na kijiji kizima kilijua.

Tulikwenda na Sulemani, dereva wetu wa Mumias, ambaye alitoa salamu zake ndefu kisha akabaki kwenye gari akizungumza na Were. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, na nikiwa mkweli, sikuwa na hamu ya kuingia matopeni. Nilipoulizia jembe, Nekoye aliushika mfuko wangu wa kutilia udongo akauvuta taratibu mpaka nikauachilia.

"Wewe mgeni wangu utaingia kwa matope na mimi naangalia?" alisema. "Kaa. Mimi ndio nalimanga hapo kila siku. Nitakuletea."

Akaniwekea obusuma, ugali wa kwetu, na ingokho. Kuku mzima alikuwa amechinjwa kwa ajili ya mtu aliyekuja kuuhukumu udongo wake. Kwetu huwezi kukataa chakula cha namna hiyo, na mimi wala sikujaribu kukataa. Katika kazi yetu kuna sharti moja ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua: usiandike jina la udongo ambao hukuuona ukichimbwa. Mimi nilikuwa nafyonza mfupa wa paja wakati Nekoye anarudi, amelowa chapachapa, na mfuko umejaa. Udongo ulikuwa mwekundu, laini, kama umechekechwa. Nilifuta vidole nikaandika juu ya karatasi: Bustani ya Nekoye, sehemu tano. Wakati wa kuondoka niliokota makoa tisa chini ya gogo la mgomba na nyungunyungu kiganja kimoja, kwa ajili ya daftari langu.

Kesho yake nilifungua mpira wa faneli nikaweka tone chini ya darubini. Mikuki ilijaa kote. Nilihesabu mia tatu na sitini kabla sijachoka, wote wa jamii ile ile ya kunyonya mizizi. Niliona kitu kingine pia, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo: hapakuwa na hata mmoja asiye na mkuki. Nilijiambia labda ni mvua imewasukuma chini, labda ni baridi. Bwana Phanuel alikuwa amesimama mlangoni akitaka karatasi kabla ya saa kumi, maana ilikuwa Ijumaa na mkurugenzi alikuwa anaingoja. Nikaandika kwamba bustani ya Nekoye ina minyoo wa mizizi kwa wingi wa kutisha, nikatia sahihi. Ni kweli nilimhurumia mama yule, lakini huruma yangu ilikuwa ya mtu mwenye uhakika, na huruma ya aina hiyo haimnyimi mtu usingizi.

Siku saba baadaye nyungunyungu wangu walikuwa wameoza vizuri. Nilichukua kisahani cha kwanza, na humo walikuwa wanacheza mamia kwa mamia, wakubwa, wamekamilika, na madume wana vijiti vyao. Aina E, ile niliyokuwa nimeiona mara moja tu. Aina mbili nyingine pia, na kutoka kwa makoa aina C kwa wingi. Nilifurahi kama mjinga. Nikaanza kuchora, na nikiwa katikati ya mkia wa dume la pili mkono ulisimama.

Nyungunyungu hawa walizaliwa kwenye bustani ile na wenzao wanafia humo kila siku. Wakifa, minyoo wao wanabaki kwenye udongo. Haiwezekani mfuko wa udongo wa bustani ile usiwe nao, hata mmoja. Niliuondoa mkono kwenye kalamu nikakaa nikiangalia ukuta. Udongo niliouandika jina la Nekoye haukuwa wa Nekoye.

Sikumwambia Bwana Phanuel kitu. Jumamosi nilipanda basi la Mumias, nikatembea mpaka Musanda, nikamkuta Nekoye anapalilia kunde. Nilimuuliza alichimba wapi. Hakuficha chochote, kwa sababu hakuona kosa. Akanionyesha kwa kidole upande wa pili wa mtaro, ndani ya miwa ya mwanawe.

"Huu wangu umejaa makoa na ute," alisema. "Nitampeaje mgeni kitu kama hicho apeleke kwa wakubwa? Ule wa Were umepigwa na trekta, ni msafi. Nilikuchagulia mzuri."

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi mbichi na sketi yangu ya kazi. Alidhani nimeugua akataka kuniletea maji. Ilibidi nimweleze yote, polepole, na nilimwona usoni anavyofika mahali ambapo mimi nilikuwa nimeshafika. Minyoo wenye mkuki hawakutoka kwake. Walikuwa kwenye miwa, na bila shaka walikuja na ile miche ya kwanza ya mradi wenyewe, kwenye udongo ulioganda vifundoni. Bustani yake haikuwa na lawama. Nilimwambia hilo nikijua nimemletea habari njema. Nilitegemea ashukuru.

Badala yake aliniuliza miwa yenye minyoo hufanywa nini. Nikamwambia huchimbwa na kuchomwa.

"Basi acha karatasi yako vile iko," alisema. "Waue bustani. Mimi mboga nitaomba kwa majirani. Lakini miwa usiguse. Baba yake Were alichoshwa na hii ardhi akapanda treni ya Butere akaenda Nairobi, na mpaka leo. Huyu mtoto miwa ndio imemfunga hapa. Wakiing'oa ataenda pia."

Nilijaribu kumweleza kuhusu wale wakulima mia mbili, kwamba kila mmoja angepeleka ugonjwa nyumbani kwake mabegani. Aliitikia kwa kichwa kila nilipomaliza sentensi. Alisema ameelewa. Halafu akarudia ombi lake kwa maneno yale yale, na safari hii alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mikono yenye udongo. Nikaudhika. Ndiyo tabia yangu, nikibanwa huudhika. Nikamwambia siwezi kuandika uongo kwa sababu nilikula kuku wake. Aliuachilia mkono wangu. Nilichukua jembe lake mwenyewe nikachimba sehemu tano bustanini na sehemu tano kwenye miwa, na hakuna aliyenizuia wala aliyenisaidia.

Matokeo yalikuja kama nilivyojua. Bustani: aina tano za daftari langu, hakuna mwenye mkuki hata mmoja. Miwa: mikuki kila tone. Jumatatu niliandika karatasi mpya, nikaeleza na kosa langu bila kujipaka mafuta, nikaipeleka kwa Bwana Phanuel nikiwa nimejiandaa kufukuzwa kazi. Hilo tu ndilo nililokuwa nimejiandalia.

Hakupandisha sauti. Alisoma mara mbili. Kisha akafungua faili akatoa karatasi ya kwanza, akaziweka pamoja mezani.

"Hizi zote ni mwandiko wako," alisema. "Moja inasema bustani ni gonjwa. Nyingine inasema ni miwa. Uliponipa ya kwanza pia ulikuwa na hakika."

Nikamwambia ya kwanza ni batili. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha michoro, madume kwa majike, vipimo vyao vyote. Nikamwambia udongo wa bustani umejaa minyoo wa nyungunyungu na makoa, hawana mdomo wa kugusa mzizi, ni kama kumkamata kuku kwa wizi wa ng'ombe. Alikagua kurasa moja moja, kwa heshima ambayo hakuwahi kunionyesha kabla. Halafu akaweka kidole kwenye aina E.

"Huyu anaitwa nani?"

Nikasema bado hana jina. Nilikuwa nataka kuwapeleka kwa wataalamu ng'ambo kwa posta, wawalinganishe na wanaojulikana, na jibu lingechukua miezi sita, labda mwaka.

"Mimi siwezi kumwandikia mkurugenzi kwamba nimeacha udongo ulio hatua kumi na tano kutoka kwenye ugonjwa," alisema, "kwa sababu msichana wangu anasema ndani yake mna herufi E."

Aliandika pale pale mbele yangu. Miwa ichimbwe. Bustani itiwe dawa, kwa tahadhari. Nilibishana naye mpaka sauti ikakauka, na nikasema mambo ambayo mtu mwingine angefukuzwa kwayo. Sikufua dafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole nifunge dirisha nikitoka, visahani vinanuka.

Miwa ilichimbwa na kuchomwa ndani ya siku mbili, trekta likiingia na kutoka, na moshi wake ulionekana toka barabara kuu. Wakulima mia mbili walinusurika, na hakuna hata mmoja wao aliyejua. Sulemani ndiye aliyeniambia kwamba Were aliangalia mpaka moto ukazimika, akaoga, akavaa shati lake la kanisani, akaenda Butere kwenye treni. Alimwambia mama yake atarudi Desemba. Sulemani alilisema hilo akiangalia usukani wake.

Siku ya dawa nilikwenda, ingawa hakuna aliyenituma. Wanaume wanne waliofunga vitambaa puani walikuwa wanatembea kwenye bustani kwa mstari, wakidunga ardhi kila hatua kwa sindano kubwa za chuma. Migomba ilikuwa imeshalala chini. Saka na kunde zilikuwa zimekanyagwa. Harufu ya dawa ilikuwa tamu na nzito, ya kuumiza kichwa, na marobota ya nailoni yalikuwa yanangoja kando. Kabla hawajaanza kutandaza, nyungunyungu walianza kutoka ardhini. Walitoka kwa makumi, kisha kwa mamia, wakijikunja juu ya udongo mwekundu, na makoa wakatambaa kutoka chini ya magogo wakitoa povu.

Nekoye alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtaro. Hakunisalimu. Msimamizi wa wale wanaume alimwita arudi nyuma, hewa ile ni mbaya, lakini yeye aliinama akaokota nyungunyungu mmoja, akamweka kiganjani, akanijia.

"Wewe ndio unawajuanga," alisema. "Huyu ndio yule mbaya?"

Nilimwangalia usoni nikitafuta kejeli au hasira. Laiti ningeikuta. Hasira ningeijibu, hasira ndiyo lugha yangu. Lakini mama yule alikuwa anauliza kweli. Alitaka kumwona huyo mmoja aliyemwondoa mwanawe nyumbani, amjue sura.

"Hapana, mama," nikasema. "Huyo hana kosa."

Akamlaza kwenye nyasi, akarudi akaokota mwingine, mkubwa zaidi, ambaye bado alikuwa anatikisika.

"Na huyu?"

"Hapana."

Akaleta koa. Akaleta nyungunyungu wawili kwa pamoja. Wale wanaume walikuwa wamesimamisha kazi wakituangalia, sindano zikining'inia mikononi. Nilijua kila kilichokuwa ndani ya kila kiumbe alichonionyesha, herufi kwa herufi, na sikuwa na hata mmoja wa kumwambia ndiye. Alirudi tena na kiganja kimejaa, akakiinua karibu na macho yangu ili nione vizuri.

"Na hawa?"

"Hapana, mama," nikamwambia, nikilia mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu. "Wala hao."